Kikulacho na Ngeli Yake

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Msomi wa Kiswahili akiitazama methali hii kwa jicho la sarufi, atatambua jambo ambalo msikilizaji wa kawaida hulipita bila kulijali: methali yenyewe haina nomino inayomtaja mlaji. Mlaji hatajwi. Haielezwi kama ni chawa, kupe au kunguni, wala kama ni ndugu aliyegeuka adui. Kilichopo ni kiambishi ki- tu, ambacho huanza kwenye kitenzi, hurudi katika kirejeshi -cho, kisha husimama peke yake kama kitenzi kishirikishi. Wahenga, basi, walimpa mlaji huyo ngeli bila kumpa jina.

Katika taaluma ya minyoo bapa wanaoishi ndani ya samaki, mambo yamekuwa kinyume. Kwa zaidi ya karne mbili na nusu wataalamu wamekuwa na majina tele, lakini ngeli za kuwatia minyoo hao zimekuwa zikiwaponyoka. Mnyoo mmoja hupewa majina matatu, na jina moja hufunika minyoo watatu. Makala haya yanaliangazia tatizo hilo, na yanaanzia mahali ambapo tatizo lenyewe lina bei, yaani sokoni.

Asubuhi moja ya Jumamosi, katika soko moja mjini Kisumu, mama muuza samaki alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya mbao, kisu mkononi, akiwapara ngege magamba. Kando yake alikuwa binti yake, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, aliyekuwa nyumbani kwa siku mbili. Samaki wa siku hiyo hawakutoka ziwani. Walikuwa wametolewa katika bwawa la mfugaji mmoja, wakiwa wanene na wa bei nafuu. Mteja, mwanamke wa makamo aliyezoea kununua hapo, alimgeuza samaki mmoja, akamfunua matamvua, akasita.

“Mama, hii samaki iko na minyoo,” alisema.

“Hapana, mama. Hayo ni mafuta tu,” muuzaji akamjibu bila kuinua uso.

“Mafuta hutembea?”

Ni kweli kwamba vile vivimbe vya manjano vilivyojibanza chini ya ngozi vilifanana na matone ya mafuta. Lakini kimoja kilikuwa kimepasuka kwa ncha ya kisu, na kilichotoka humo kilijinyoosha, kikajikunja, kikajinyoosha tena. Mteja alimrudisha samaki mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha, akaenda meza ya pili. Wawili waliokuwa nyuma yake walikuwa wameona yote. Kufikia adhuhuri beseni lilikuwa bado limejaa, na mama akawa anauza kwa nusu ya bei ya asubuhi.

Binti alikuwa ameisikia kauli ya mteja kwa sikio la darasani. Jambo la kwanza lililomjia akilini lilikuwa kwamba ilipasa kusemwa “samaki huyu ana minyoo”, si “hii samaki iko na minyoo”. Muda si muda aliionea haya fikira hiyo. Yeye aliyejua kusahihisha upatanisho wa kisarufi wa mteja hakuwa na neno hata moja la kumsaidia mamake.

“Nyara,” mama alimwambia jioni walipokuwa wakisafisha meza, akimwita “binti yangu” kwa Kijaluo, “wewe ndiye uliyesoma. Hiki ni nini?”

“Ni mnyoo, Mama.”

“Mnyoo gani?”

Binti hakujibu. Baada ya kitambo mama akaongeza, kwa sauti ya chini, “Miaka yote nimesema ni mafuta. Si kwamba niliamini ni mafuta. Sikuwa na neno jingine la kusema.”

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa kauli hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mara nyingi uongo wa sokoni huelezwa kuwa ni tamaa. Hapa uongo ulizaliwa na pengo la msamiati. Mahali palipokosa jina la kweli palijazwa jina la kukopa, na jina hilo la kukopa likamharibia mwenye nalo imani ya wateja wake. Tena mama alipouliza, alisema “hiki”. Bila kukusudia, alikitumia kiambishi kile kile cha wahenga.

Jumatatu iliyofuata, binti aliwapeleka samaki wawili, wakiwa ndani ya barafu, kwa mwanafunzi mwenzake wa uzamili katika idara ya zoolojia. Yule kijana aliwapasua, akamtoa mnyoo mmoja kwa kibano, akamweka chini ya hadubini. Hakuchukua muda mrefu.

“Dada, jenasi ninaifahamu,” alisema. “Ni Clinostomum. Spishi usiniulize.”

“Kwa nini nisikuulize?”

“Kwa sababu huyu ni mtoto, na vitabu vya kumtambulisha vimeandikwa kuhusu wakubwa.”

Maelezo hayo mafupi ndiyo kiini cha utata mzima. Mnyoo wa jenasi hii huishi maisha yake kwa mafungu, na kila fungu lina nyumba yake. Mayai huangukia majini. Kiumbe anayeanguliwa huingia ndani ya konokono, na humo huongezeka kwa wingi. Kutoka kwa konokono hutoka mabuu wanaoogelea, ambao humtafuta samaki, humpenya na kujifungia katika kifuko. Hapo ndipo muuza samaki hukutana nao. Samaki huyo akiliwa na ndege kama vile korongo, buu hutoka kifukoni, hukua katika kinywa na koo la ndege, hutaga mayai, na safari huanza upya. Buu aliye ndani ya samaki ana viungo vya uzazi ambavyo havijakomaa, ilhali viungo hivyo hivyo ndivyo wanazoolojia wamevitumia tangu zamani kutenganisha spishi moja na nyingine. Ni sawa na kupewa mzizi wa neno bila viambishi vyake, kisha mtu akatakiwa aseme kama neno hilo ni kitenzi au nomino.

Mfano mmoja wa Kenya waonyesha jinsi subira inavyohitajika. Mwaka wa 1964 mtaalamu aitwaye Paperna alimpa buu mmoja wa jenasi hii jina la Clinostomum cutaneum, jina linalohusiana na ngozi. Buu akawa na jina, lakini mkubwa wake hakuwa amewahi kuelezwa. Mwaka wa 2010 ndipo watafiti walipochapisha maelezo ya kwanza ya mnyoo mkomavu wa spishi hiyo, aliyepatikana kwa korongo wa kijivu nchini Kenya, na pamoja nayo maelezo mapya ya buu anayeishi ndani ya ngege wa Mto Naili. Kwa miaka 46, basi, mnyoo huyo aliishi vitabuni kama mtoto asiyejulikana atakuwa nani akikua. Iwapo jambo hilo lilichukua karibu nusu karne mikononi mwa mabingwa, mama wa sokoni hana sababu ya kulaumiwa kwa kutolijua.

Utata wa jenasi hiyo haukuanzia Afrika. Mtaalamu wa Ulaya aitwaye Rudolphi alimpa jina mnyoo mmoja mwaka wa 1814, ambaye leo huitwa Clinostomum complanatum, na mwaka wa 1819 akampa jina mwingine, ambaye leo huitwa Clinostomum marginatum. Waliomfuata walibishana kizazi baada ya kizazi. Baadhi walisema hawa ni wawili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Amerika. Wengine walishikilia kuwa ni mmoja tu, na kwamba tofauti zilizoonekana ni za mazingira na za namna ya kuwahifadhi. Mwaka wa 2011 utafiti ulioliunganisha umbo na jeni, ukiwahusisha mabuu na wakubwa pia, ulionyesha kuwa ni spishi mbili. Karibu karne mbili zilikuwa zimepita.

Wanazoolojia waliokabiliwa na mabuu wasiojulikana wazazi wao walibuni njia ya kuishi na ujinga wao bila kuuficha. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina huruhusu kuwepo kwa majina ya makundi ya muda, yanayotumiwa kama majina ya jenasi ingawa hayadai kuwa waliomo ni wa ukoo mmoja. Tetracotyle, Neascus na Diplostomulum ni majina ya namna hiyo, na yote yamewahifadhi mabuu wa minyoo bapa wa samaki. Jenasi ya kawaida hulazimika kuwa na spishi ya mfano, ambayo jina limefungwa kwayo. Makundi haya hayana spishi ya mfano. Ni kama chumba cha wageni katika nyumba kubwa: anayelala humo hajulikani bado ni wa mlango gani, ila halali nje. Kiswahili nacho kina chumba cha aina hiyo. Neno “mdudu” humpokea siafu, buibui, funza na hata kiini cha ugonjwa asichokiona mtu kwa macho. Neno “korongo” humkusanya ndege zaidi ya mmoja mwenye miguu mirefu. Tofauti iliyopo ni kwamba mwanazoolojia anapoandika Tetracotyle hukiri kuwa hajui, ilhali msemaji anaposema “mdudu” aghalabu hudhani amekwisha kujua.

Kutoka kwa ngege, mtu akivuka hadi meza ya omena katika soko lilo hilo, atakutana na utata wa sura nyingine. Samaki huyu mdogo, Rastrineobola argentea, huitwa omena nchini Kenya, dagaa nchini Tanzania na mukene nchini Uganda. Majina ni matatu na samaki ni mmoja. Ndani ya tumbo lake mara nyingine hukaa mnyoo mweupe, mrefu kama utepe, ambaye humfanya omena avimbe na kushindwa kuzaa. Huyo ni Ligula, wa kundi la tegu. Yeye naye hupitia nyumba tatu: kwanza kijidudu cha majini cha jamii ya kamba, kisha samaki, kisha ndege mla samaki, na ndani ya ndege hukaa siku chache tu akitaga mayai.

Linnaeus alimwingiza mnyoo huyu katika orodha yake mwaka wa 1758 kwa jina la Fasciola intestinalis. Leo Fasciola ni jenasi ya mnyoo wa ini anayewasumbua ng'ombe na kondoo, ambaye si tegu hata kidogo. Kwa Linnaeus, ubapa ulitosha kuwafanya kuwa ndugu. Mwaka wa 1782 Bloch aliiunda jenasi ya Ligula, na kwa muda mrefu karibu kila utepe mweupe uliopatikana ndani ya samaki wa namna hii, kutoka Ulaya hadi Afrika, uliitwa Ligula intestinalis. Haikuwa rahisi kufanya vinginevyo. Mnyoo aliye ndani ya samaki hana pingili zinazoonekana waziwazi kwa nje, hana kulabu, hana rangi. Msomi anayetafuta sifa za kumtofautisha huambulia utepe mtupu.

Waliojaribu kutofautisha waliitegemea sifa moja au mbili. Mathalani, minyoo waliokuwa na seti mbili za viungo vya uzazi katika kila pingili walitengwa katika jenasi yao, Digramma, wakiachana na Ligula wenye seti moja. Mgawanyo huo ulionekana safi, kama mpaka uliochorwa kwa rula. Jeni zilipopimwa, ilibainika kuwa Digramma hawako nje ya ukoo wa Ligula, bali wamo ndani yake. Wakati huohuo, wale waliodhaniwa kuwa spishi moja iliyotapakaa duniani walianza kuonekana kuwa nasaba kadhaa zilizotengana zamani, ingawa sura yao ni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 uliwashughulikia kwa jina la kundi la spishi, si spishi moja. Kwa hiyo mpaka uliodhaniwa upo haukuwepo, na ule uliodhaniwa haupo ulikuwepo.

Yawezekana kuuliza ni kwa nini umbo liwadanganye wataalamu wa minyoo kuliko wataalamu wa ndege au wa miti. Jibu limo katika maisha yenyewe ya mnyoo. Anayeishi ndani ya mwingine hahitaji macho wala miguu, na tegu hana hata kinywa wala utumbo, kwani chakula hupenya ngozi yake. Kila kisichohitajika hupungua. Hatimaye jamaa wa mbali hufanana kwa kuwa wote wamepoteza vitu vilevile, na ndugu wa karibu hutofautiana kwa kuwa kila mmoja amebuni njia yake ya kumshikilia mwenyeji. Kwa mnyoo, umbo hueleza zaidi mahali anapoishi kuliko mahali alikotoka.

Ngazi za juu za uainishaji hazikusalimika. Mwaka wa 1858 mtaalamu wa Ubelgiji, Pierre-Joseph van Beneden, aliwagawa minyoo bapa wasio tegu kwa kufuata mienendo ya maisha yao: wale wanaokamilisha maisha kwa mwenyeji mmoja, na wale wanaopitia vizazi vya namna mbili katika wenyeji tofauti. Mwaka wa 1863 Carus aliyakita majina ya Monogenea na Digenea, nayo yakafundishwa kote. Wa kundi la kwanza aghalabu hukaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990, baadhi ya tafiti za jeni zimeshindwa kuwaweka Monogenea wote chini ya mama mmoja. Matawi yao mawili, la wale ambao aghalabu hula ngozi na ute na la wale wanaonyonya damu, huenda hayana uhusiano wa karibu uliodhaniwa. Kukamilisha maisha kwa mwenyeji mmoja ni mwenendo, na mwenendo si nasaba.

Hata tegu wa samaki wanaomwingia binadamu wamehamishwa nyumba. Oda yao ya zamani, Pseudophyllidea, ilifutwa mwaka wa 2008, ikagawanywa katika oda mbili, kwa kuwa waliokuwa wamewekwa pamoja humo hawakuwa wa mama mmoja. Mnyoo mashuhuri wa samaki wa maji baridi wa nchi za kaskazini, aliyejulikana na madaktari kwa jina la Diphyllobothrium latum, alirudishwa mwaka wa 2017 katika jenasi ya Dibothriocephalus, jina lililokuwa limebuniwa mwaka wa 1899 kisha likawekwa kando. Mgonjwa aliyetibiwa kwa jina la kwanza hakupona zaidi wala kidogo kwa sababu ya jina la pili. Hata hivyo, daktari na mtafiti walipata ramani iliyo sahihi zaidi ya nani ni jamaa wa nani, na kwa hiyo nani aweza kutarajiwa kupatikana wapi.

Msomi wa Kiswahili hawezi kuyasikia haya yote bila kukumbuka mjadala wa nyumbani kwake. Tangu Bleek alipochapisha sarufi yake linganishi katika miaka ya 1860, na Meinhof akaja kuikamilisha kazi ya kuzipa ngeli nambari, nomino za lugha za Kibantu zilipangwa kwa viambishi vyake, yaani kwa umbo. Kwa kigezo hicho, “kiti” na “kipofu” ni ndugu, kwa kuwa vyote viwili vina ki- na vi-. “Mti” na “mnyoo” nao ni ndugu, kwa kuwa vina m- na mi-. Kigezo cha upatanisho wa kisarufi, ambacho ndicho kinachotumiwa katika shule za Kenya, kiliwatenganisha ndugu hao: kiti kimevunjika, lakini kipofu amefika, mti umeanguka, lakini mnyoo amekufa. Kipofu na mnyoo walihamia A-WA, wakawaacha kiti na mti walikokuwa. Umbo lilisema hivi, mwenendo wa neno ndani ya sentensi ukasema vile.

Uhamisho huo haukumaliza kazi. Wapo wazungumzaji wengi wanaosema “minyoo hii” bila wasiwasi, na wapo wanaoshikilia “minyoo hawa”. Neno “kimelea”, ambalo linatokana na kitenzi “mea”, huzua ubishi mkubwa zaidi. Wengine husema “kimelea hiki”, wakifuata umbo lake, na wengine “kimelea huyu”, wakifuata uhai wa kinachotajwa. Kila upande una hoja. Linalostahili kuepukwa ni kutumia kigezo kimoja alfajiri na kingine jioni, kisha kudai kuwa ngeli zimefahamika.

Mfanano huu, hata hivyo, usivutwe kupita kiasi. Ngeli ya nomino ni mapatano ya wasemaji, na wasemaji wakibadilika, nayo hubadilika. Nasaba ya mnyoo haingoji mapatano ya mtu yeyote. Omena alikuwa akibeba utepe wake kabla ya Linnaeus kuzaliwa. Aidha, jeni hazipaswi kuchukuliwa kuwa hakimu asiyekatiwa rufaa. Jeni moja yaweza kusimulia historia tofauti na jeni nyingine ya mnyoo yuleyule. Vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa kwa dawa katika makumbusho mara nyingi havitoi tena jeni zinazosomeka, na majina ya kwanza yamefungwa kwa vielelezo hivyo. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mnyoo wa leo ndiye yule wa mwaka wa 1814, hana budi kurudi kwenye umbo, apime viungo na achore, kama walivyofanya waliotangulia. Vivyo hivyo, mwanasarufi aliyemhamisha “kipofu” hadi A-WA hawezi kusahau kuwa lile ki- bado lipo, na kwamba lina historia yake na uchungu wake.

Kuna funzo jingine katika jina la samaki mwenyewe. Kwa Wajaluo, ngege lilikuwa jina la samaki wa asili wa Ziwa Victoria ambaye Graham alimwandika kitaalamu mwaka wa 1928, na ambaye leo huitwa Oreochromis esculentus. Ngege wa Mto Naili aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, yule wa asili akapungua mno, na katika masoko mengi jina lake likabaki likimwita mgeni. Mama wa Kisumu alipowaita samaki wake wa bwawani ngege, alikuwa akitumia neno la kale kwa samaki mwingine. Hakukosea, kwa maana soko lilikuwa limekwisha kukubaliana. Ila anayesoma taarifa za zamani kuhusu minyoo wa ngege hana budi kuuliza kwanza: ngege yupi? Mnyoo asiyejulikana ndani ya samaki aliyebadilishwa jina ni fumbo ndani ya fumbo.

Je, haya yote yanamhusu nini mtu anayetaka kitoweo tu? Yanamhusu pakubwa. Kujua kwamba buu wa manjano ni Clinostomum, hata bila kujua spishi, kunatosha kumpa mlaji ushauri wa kweli. Nchini Japani na Korea wamepatikana watu walioingiwa na minyoo wa jenasi hii kooni baada ya kula samaki wa maji baridi akiwa mbichi. Samaki aliyepikwa akaiva hana hatari hiyo. Kujua njia anayopitia mnyoo, kutoka kwa konokono hadi kwa samaki na kwa ndege, kunampa mfugaji mahali pa kuanzia: afyeke magugu ya ukingoni ambamo konokono hujificha, na azuie ndege kutua bwawani. Spishi ikija kujulikana, ndipo itakapowezekana kuulizwa ni konokono yupi na ndege yupi hasa. Elimu hupanda ngazi kidato kwa kidato, na anayesimama kwenye kidato cha pili hapaswi kujifanya yuko cha tano, wala kukikana kile cha pili alichokifikia.

Binti alimpigia mamake simu jioni ile ile ya Jumatatu. Hakumtajia Rudolphi wala Paperna. Alimweleza konokono, samaki na korongo, na mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Na jina?”

“Jina la ukoo ni Clinostomum, Mama. Lake mwenyewe aliyenisaidia hakuweza kulisema.”

“Hata yeye aliye na mashine?”

“Hata yeye.”

Mama alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Yamkini alikuwa amedhani miaka yote kwamba ujinga ule ulikuwa wake peke yake.

Jumamosi iliyofuata mteja mwingine alimfunua ngege matamvua, akaona vivimbe viwili vya manjano, akauliza ni nini. Mama hakusema ni mafuta. “Ni mnyoo wa samaki,” alimjibu. “Hutoka kwa konokono wa bwawani, na korongo ndiye humrudisha majini. Ninaowaona ninawatoa kwa kisu. Mpike aive vizuri, mama, usimle mbichi.”

“Mnyoo gani huyo?”

“Ukoo wake unajulikana. Jina lake mwenyewe bado linatafutwa.”

Mteja alimtazama, akamtazama samaki, akaomba atolewe vile vivimbe viwili mbele ya macho yake. Kisha akalipa. Aliyekuwa nyuma yake alikunja uso na kwenda meza ya pili, na mama hakumwita arudi.